Nambari za mlangoni: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Kwa wasimamizi wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Na kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Assalaamu alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Wete. Nimesomesha fizikia katika skuli za Pemba kwa miaka 31, na haikosi baadhi ya mtakaoisoma barua hii mlikaa mbele yangu mkiomba kengele ilie. Leo sina kengele. Nina daftari la miraba, na nambari saba zilizomo ndani yake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Ipo tiba ya saratani ambayo mionzi yake haitoki kwenye mashine kubwa iliyosimama mbele ya mgonjwa. Mgonjwa huimeza, au hutiwa mshipani, ikiwa imefungwa ndani ya dawa, nayo husafiri na damu mpaka kwenye uvimbe ikafanya kazi yake papo hapo. Kwa saratani ya thairoidi, ile tezi iliyokaa shingoni chini ya kongomeo, dawa hiyo ni iodini-131. Kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa, na kwa vivimbe fulani vya utumbo na kongosho vinavyotoa homoni, sasa ipo luteti-177. Wagonjwa wetu wa Unguja na Pemba huivukia bahari tiba hii. Na kwa kuwa siku hizi maneno ya kuwa na huduma kamili za saratani hapa hapa Visiwani yamekuwa ya dhati, nataka kuwaomba jambo moja kabla ramani haijachorwa na mashine haijaagizwa: tusije tukaijenga tiba hii juu ya desturi ya kumpa kila mtu kiasi kimoja, kisha tukamuaga.

Niwaeleze nilivyofika hapa.

Mwaka juzi ahali yangu aligundulika ana saratani ya thairoidi. Mwanzo tulidhani ni rovu tu. Pemba rovu si kitu kigeni. Mama yangu alikuwa nalo na amezikwa nalo, miaka themanini na kitu. Wageni hushangaa wakisikia kisiwa kilichozungukwa na bahari kina watu waliopungukiwa na iodini, lakini uchunguzi wa watoto wa skuli uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionesha hivyo hasa, na Pemba ilikuwa na hali mbaya kuliko Unguja. Chumvi yetu ya kuanika ilikuwa haitiwi madini hayo, na samaki peke yake hakutosha. Hili nitalirudia, kwani lina mkono katika hoja yangu.

Watoto walichanga, mmoja yuko Maskati, tukaenda India. Hospitali sitaitaja, na sina kesi nayo: walimpasua vizuri na walituheshimu. Baada ya operesheni akakaa wiki nne bila vidonge vya homoni, ili seli zozote za thairoidi zilizosalia ziwe na njaa ya iodini. Asiyeiona hali hiyo hawezi kuifahamu. Mwanamke anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, anayeingia pwani kufunga mwani maji yakiwa magotini, alilala amejifunika shuka mbili katika joto la Mei, uso umemvimba, sauti imekuwa nzito hata wajukuu kwenye simu wakauliza huyu nani. Juu ya hayo akakatazwa samaki, pweza, dagaa na chumvi ya pakiti. Mkataze mtu wa Pemba samaki wiki mbili, uone.

Siku ilipofika akaingizwa chumba cha peke yake. Mtaalamu akaja na kikopo kizito cha madini ya risasi, ndani yake mna kapsuli moja, ndogo kuliko ya amoksilini. Akaimeza kwa maji, mlango ukafungwa. Mionzi yake: gigabekereli 3.7. Nilipouliza kwa nini 3.7 nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba hicho ndicho kiwango, kila mtu hupewa hicho.

Kila siku saa kumi na moja jioni alikuja kijana mmoja na kipimo cha mionzi mkononi. Husimama pale mlangoni, mita moja kutoka alipokaa mgonjwa, husoma, huandika nambari kwa chaki ya mafuta kwenye kibao cha mlango, huenda chumba cha pili. Nambari ikishuka chini ya kiwango chao, mgonjwa huruhusiwa kutoka, kwa sababu hapo hana madhara kwa watu wa nje.

Chumba cha pili alikuwamo mama mmoja wa Mombasa. Tulijuana na kaka yake koridoni, kwa Kiswahili, kama watu wa mbali wanavyojuana. Yeye naye kapsuli ile ile, 3.7. Mimi kwa mazoea yangu ya ualimu nikawa nanakili nambari za milango yote miwili. Ya mke wangu ilisoma mikrosiveti (kipimo cha mionzi inayomfikia aliye karibu) 160 kwa saa jioni ya kwanza, ya pili 49, ya tatu 15, akaruhusiwa. Ya mama wa Mombasa ilisoma 165, kisha 85, kisha 44, kisha 22. Nilikwenda nyumba ya wageni nikachora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba. Mmoja uliporomoka. Mwingine uliteremka kwa kujivuta.

Nilipomwonesha mke wangu, hakuangalia mistari. Aliniuliza, "Mwalimu, yule kijana anapima kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia, kwa ajili yetu sisi tuliopo nje, usitudhuru.

"Na mimi ananipimia nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo, Waheshimiwa, sina. Kipimo kilikuwapo. Mtu wa kupima alikuwapo. Nambari ziliandikwa. Kisha kibao kilifutwa kwa kitambaa ili aandikwe mgonjwa mwingine. Kilichofutwa pale ndicho kilichokuwa karibu kabisa na jibu la swali ambalo kila mgonjwa wa tiba hii ana haki nalo: mwili wangu umepokea kiasi gani?

Hapa inabidi nirudi ubaoni kidogo, mnisamehe. Bekereli huhesabu dawa. Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde, kwa hivyo ndani ya kapsuli ile zilikuwa zinavunjika atomu bilioni 3.7 kila sekunde. Lakini bekereli haisemi lolote kuhusu aliyeimeza. Kinachoua seli, iwe ya saratani au ya figo, ni nishati inayobaki ndani ya nyama, nayo hupimwa kwa grei: juli moja kwa kila kilo moja. Baina ya bekereli na grei kuna mtu. Kuna figo zake, zinazotoa haraka au taratibu. Kuna uzito wake. Kuna ukubwa wa uvimbe wake, na hamu ya uvimbe huo ya kuinyonya dawa. Kuna alichokula mwezi uliopita. Mvua ya masika hunyesha Wete nzima sawasawa, lakini asubuhi ukizunguka utakuta pipa la jirani linamwagika na lako lina nusu, kwa sababu bati lako limeinamia upande wa shamba. Desturi ya kiwango kimoja hupima mvua. Pipa haichungulii.

Iodini-131 ina nusumaisha ya siku 8: kila siku nane zikipita, nusu yake imekwisha yenyewe, ikae kabatini au tumboni. Ndani ya mwili, hata hivyo, mkojo nao unatoa. Nilipozipigia hesabu nambari za mlangoni, mwili wa mke wangu ulikuwa unapunguza mionzi kwa nusu kila saa 14 hivi. Wa mama wa Mombasa kila saa 25. Maana yake, kwa mwili mzima, kapsuli ile ile ilikaa ndani ya mmoja karibu mara mbili ya ilivyokaa ndani ya mwingine, na yule iliyokaa zaidi alikuwa mwembamba, kilo chache, kwa hivyo kila kilo yake ilibeba zaidi. Nasema kwa tahadhari: kipimo cha mlangoni kinaeleza mwili mzima tu, hakielezi yale mabaki ya shingoni tuliyokuwa tukiyatafuta, na hayo yanataka kamera ya gama, inayoona mionzi ilipo ndani ya mwili. Lakini hata hicho kidogo kilitosha kuonesha kwamba wanawake wale wawili hawakupata tiba moja. Walipata kapsuli moja.

Wala kupima si anasa iliyobuniwa juzi. Tiba hii ilizaliwa na kipimo mkononi. Mwaka 1936 daktari Saul Hertz wa Boston aliwauliza wanafizikia wa chuo cha MIT kama iodini inaweza kufanywa iwe na mionzi. Wakaijaribu kwanza kwa sungura. Mwaka 1941 akamtibu mgonjwa wa kwanza, ambaye thairoidi yake ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, na aliyefanya naye kazi bega kwa bega alikuwa mwanafizikia, Arthur Roberts, wakipima kilichoingia kwenye tezi na kilichotoka kwa mkojo. Mwaka 1946 daktari Seidlin alipochapisha habari za mgonjwa wa saratani ya thairoidi aliyetibiwa kwa iodini hiyo, mwandishi mwenzake mmoja alikuwa Marinelli, mwanafizikia tena. Mwaka 1962 Benua na wenzake kule New York wakapendekeza mpaka wa grei 2 kwa damu, ili uboho usiharibike, na mpaka huo ungali unatajwa hadi leo. Daktari na mwanafizikia, chumba kimoja. Kisha wagonjwa wakawa wengi, muda ukawa mchache, ikaonekana wepesi kumpa kila mtu nambari ya mviringo.

Nasema nambari ya mviringo kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua siku mbili kuigundua. Gigabekereli 3.7 inaonekana kama nambari iliyotokana na hesabu nzito. Igeuze kwa kipimo cha zamani cha kyuri: inakuwa milikyuri 100, mia kamili. Ile ya luteti, gigabekereli 7.4, ni milikyuri 200. Basi mwili wa nani huo unaohitaji mia kamili? Nambari hiyo imechaguliwa kwa sababu inaandikika vizuri. Na mwaka 2012 majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza na moja la Ufaransa, yalionesha kwamba kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa, gigabekereli 1.1 ilisafisha mabaki ya thairoidi baada ya operesheni sawa na 3.7. Yaani kwa miongo kadhaa watu wengi walimeza zaidi ya mara tatu ya waliyohitaji, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Na 1.1 nayo ni milikyuri 30. Nambari ya mviringo iliyopungua, mviringo uleule.

Karafuu zetu wenyewe hatuzifanyii hivi. Ukipeleka gunia kituoni huangaliwa ukavu, hutazamwa makonyo na taka, huwekwa daraja, ndipo hupimwa. Hakuna anayesema gunia ni gunia.

Sasa niseme kuhusu luteti, maana huko ndiko tunakokwenda. Iliruhusiwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018 kwa vile vivimbe vya homoni, sindano nne za gigabekereli 7.4, kila baada ya wiki nane. Mwaka 2022 Marekani ikaruhusu aina nyingine kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa: sindano hadi sita, kila baada ya wiki sita. Kila mtu kiasi kile kile, mwenye kilo 48 na mwenye kilo 110. Figo ndizo zinazoogopewa, na mpaka unaotajwa kwao ni grei 23, uliochukuliwa kutoka tiba ya mionzi ya mashine. Ukiwa na mpaka huo bila kipimo cha kila mgonjwa, unakuwa na alama ya barabarani usiyoisoma. Mmoja atasimamishwa kwenye sindano ya nne akiwa na nafasi ya tano iliyokuwa ikimfaa. Mwingine atamaliza nne zake figo zikiwa zimeshabeba mzigo, na hakuna aliyejua.

Na luteti inajipimisha yenyewe. Pamoja na ile mionzi inayoua seli, hutoa pia mionzi ya gama ambayo kamera huiona. Mgonjwa aliyetibiwa ni taa inayowaka. Ni kuamua kumweka chini ya kamera. Zamani ilibidi apigwe picha mara tatu au nne katika wiki nzima, na kweli hilo ni gumu. Lakini mwaka 2018 wanafizikia wa Ujerumani, Hänscheid na wenzake, walionesha kuwa kwa luteti ya vivimbe hivyo, picha moja tu ikipigwa karibu siku ya nne inatosha kukadiria dozi ya figo na ya uvimbe kwa usahihi wa kuridhisha. Picha moja. Dawa yenyewe ndiyo ghali kupita kiasi. Kuinunua kisha kuacha picha moja isipigwe ni sawa na kuchinja ng'ombe wa harusi ukabana chumvi.

Faida yake ipo? Ufaransa walijaribu kwa saratani ya ini, ugonjwa tunaoufahamu sana sisi kwa sababu ya homa ya ini aina ya B. Matokeo yalichapishwa 2021. Wagonjwa 60, waliotiwa vitufe vidogo vya kioo vyenye itri-90, nayo hutoa mionzi, katika mshipa wa ini. Kundi moja lilipewa kwa hesabu ya kawaida, jingine kwa hesabu iliyofuata uvimbe wa kila mmoja. Kati ya waliochunguzwa, uvimbe ulikubali tiba kwa asilimia 36 ya kundi la kwanza na asilimia 71 ya la pili. Nusu ya kundi la kwanza walikuwa hai mpaka miezi 10.7, nusu ya kundi la pili mpaka miezi 26.6. Watu 60 si wengi, na ini si shingo. Lakini dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni hesabu.

Nina rafiki daktari Unguja, mwanafunzi wangu wa zamani, nilimsomea haya yote kwenye simu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, sisi bado tunatambaa, wewe unataka tukimbie." Akaniambia kwamba hata Ulaya, ambako agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2013 linataka tiba ya mionzi ipangwe kwa kila mgonjwa na kuhakikiwa, na nchi zilipewa mpaka Februari 2018 kuliingiza katika sheria zao, hospitali nyingi bado zinatoa kiwango kimoja. Akaniambia pia kwamba ushahidi wa kila ugonjwa haujakamilika, na kwamba mgonjwa wa Micheweni akicheleweshwa siku nne mjini kwa ajili ya picha, atalala wapi na atakula nini?

Maneno yake ni ya kweli na sitayadharau. Lakini anayetambaa ndiye mwenye nafasi ya kuchagua atembee vipi. Hospitali za Ulaya zimejengwa miaka sitini juu ya kiwango kimoja, na kuzigeuza ni kazi. Sisi hatuna cha kubomoa.

Na sisi tuna sababu zetu ambazo Ulaya hawana. Karatasi ya vyakula tuliyopewa India ilikataza vya baharini, basi. Hakuna aliyemuuliza mke wangu anafanya kazi gani. Mke wangu ni mkulima wa mwani, na kikundi chao hutengeneza sabuni, na pia juisi na keki za mwani, na kila kinachopikwa lazima mtu aonje. Mwani una iodini. Mwili ulioshiba iodini ya kawaida hauna hamu ya iodini ya mionzi: kapsuli hupita ikatoka na mkojo, nawe umelipia mkojo. Alikumbuka mwenyewe, wiki moja kabla, akashtuka. Hapo hapo Pemba, kijiji kingine, yupo mtu wa chumvi ya kuanika ambaye thairoidi yake ina njaa ya miaka na itainyonya kapsuli kwa pupa. Hao wawili wanaweza kupanda meli moja bandari ya Mkoani wakaenda kutibiwa siku moja. Kiwango kimoja hakimjui hata mmoja wao. Kipimo cha iodini katika mkojo, na siku mbili za kupima kwa kiasi kidogo kabla ya tiba, vingewajua.

Ninachokiomba basi ni hiki, na nitakianza kwa kisicho na gharama. Mgonjwa yeyote wa Zanzibar anayepewa rufaa kwa tiba ya dawa zenye mionzi, iwe Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam ambao wana uzoefu wa tiba ya nyuklia, iwe nje ya nchi, arudi na karatasi. Iandikwe dawa gani, bekereli ngapi zilizopimwa kabla hajameza, saa ngapi, nambari zote zilizosomwa mlangoni na saa zake, na picha ya baada ya tiba. Kama grei zimehesabiwa, ziandikwe; kama hazikuhesabiwa, iandikwe hivyo. Mfuko unaolipa una haki ya kuidai karatasi hiyo kama unavyodai risiti. Nambari zile zinasomwa hata hivyo. Tunaomba tu zisifutwe.

La pili lina gharama, na gharama yake ni muda. Huwezi kununua mwanafizikia wa tiba kama unavyonunua kamera. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linataka awe na shahada ya fizikia, kisha masomo ya uzamili, kisha angalau miaka miwili ya mafunzo hospitalini chini ya mtu aliyebobea. Piga hesabu: kijana wa skuli ya Fidel Castro au Utaani anayemaliza kidato cha sita mwaka huu, akianza leo, atakuwa tayari baada ya miaka saba au minane. Kama kituo chetu kitafunguliwa kabla ya yeye kuwa tayari, kitafunguliwa na kiwango kimoja, kwa sababu atakayekuwapo atakuwa anajua kufungua kopo tu. Tangu Februari 2022 shirika hilo lina mpango wake wa Miale ya Matumaini kwa nchi zisizo na tiba ya mionzi ya kutosha, na naomba katika kila kinachoombwa huko, nafasi za masomo ya fizikia ya tiba zitangulie mbele ya chuma. Chuo chetu cha Taifa kina wanafunzi. Mimi nimewasomesha baadhi yao, wapo wanaoweza.

Tume ya Nguvu za Atomu nayo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inakagua kwa haki kabisa kuta, milango, takataka na wafanyakazi wanaovaa vipimo vifuani. Naomba siku itakapokuja kukagua chumba cha kwanza cha tiba hii Visiwani, iulize pia ilipo hesabu ya mgonjwa. Wafanyakazi wote mle ndani watakuwa na nambari zao za mwezi zilizohifadhiwa faili moja moja. Aliyemeza dawa awe ndiye pekee asiye na faili?

Na jambo la bahari. Luteti hupoteza kiasi cha asilimia 10 kila siku, iodini asilimia 8. Kusi likivuma meli zikazuiwa siku mbili, dawa iliyoagizwa kwa mgonjwa mmoja imeshakuwa dozi nyingine. Atakayepanga huduma hii kwa kalenda ya Dar es Salaam bila kuuliza mabaharia ataumia. Na mgonjwa wa Pemba anayetakiwa asubiri picha ya siku ya nne anataka kitanda, si wodini, nyumba ya kawaida tu yenye choo chake, karibu na hospitali. Hilo rafiki yangu daktari amelisema kwa haki. Nyumba moja kama hiyo ni rahisi kuliko sindano moja ya luteti.

Sisi tuliporudi tulifika Unguja kwa ndege, tukapanda meli ya Mkoani. Karatasi ya maelekezo ilitutaka tujitenge na watoto idadi ya siku ile ile waliyompa mama wa Mombasa, ambaye mwili wake ulikuwa ukishuka pole pole kuliko wetu. Nilimkalisha mke wangu nyuma kabisa, upande wa upepo. Kila mama mwenye mtoto mgongoni aliyetaka kukaa naye nikawa namwambia hapa pana mtu, mpaka wakaniona mzee mchoyo wa viti.

Mwezi ujao ana kliniki yake ya kila miezi sita. Alhamdulillahi, vipimo vya damu vimekuwa vizuri, na pwani amesharudi. Lakini daktari mpya akimuuliza alipewa dozi kiasi gani, atasema 3.7, na akiulizwa ilikaa kiasi gani mwilini, atafungua mkoba atoe daftari langu la miraba, maana karatasi nyingine hatukupewa. Nimelifunga kwa nailoni kwa ajili ya maji ya chumvi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Wete, Pemba.